Doa la Kwenye Nyonga

Mlango wa choo ninachokisafisha una alama ya njano yenye mapanga matatu meusi, na wengi wanaofika pale hudhani ni feni. Ni choo cha wagonjwa waliochomwa sindano ya dawa yenye mionzi. Mwingine haruhusiwi kukitumia, hata daktari. Ninakideki mimi. Nikimaliza napitisha juu ya sakafu kidude cha kupimia, kinachotatarika kama chumvi iliyotupwa motoni. Kikitatarika sana narudia kudeki, kikitulia naandika saa na kuweka sahihi. Naandika haya kwenye daftari la nyumbani kwa sababu jambo lililotokea humo sijaweza kulisimulia kwa mdomo, na sina hakika kama kwa maandishi nitalisimulia kwa haki. Elimu yangu ni darasa la saba. Nitajaribu.

Kwanza niseme ukweli kuhusu kinyaa changu, maana bila hicho mambo yangekwenda vingine. Ninacho tangu utotoni. Mdogo wangu alipozibwa pua na kamasi, mama alikuwa anamfyonza kwa mdomo wake na kutema pembeni, na mimi nilikuwa nakimbilia nyuma ya zizi kutapika. Togwa ikizungushwa kwenye kibuyu, nilikuwa nafuta mdomo wa kibuyu kwa shati kabla ya kunywa, nikachapwa kwa kuwadharau watu. Mpaka leo nikiona unywele kwenye ugali, siku hiyo sili tena. Mke wangu husema nilipaswa kuzaliwa kwenye kabati la vioo.

Mtu wa namna hiyo alipataje kazi ya chooni? Nilikuwa mwagiliaji wa bustani kwenye ofisi za Mtumba. Kampuni iliyotuajiri ikakosa mkataba kule, ikaupata hospitalini, ikatuhamisha. Nilipouliza kama hakuna bustani, msimamizi alicheka akasema bustani ipo, ila ya ndani. Mwezi wa kwanza nilikuwa navaa barakoa mbili na kupumua kwa mdomo. Nilichukizwa na kila kitu. Nilichukizwa zaidi na bwana mmoja mwenye suti, aliyetoka mle bila kuvuta maji, akanipita bila salamu. Nilimtukana moyoni siku mbili. Baadaye nikagundua maji yalikuwa yamekatika saa ile, kwa hiyo nafuta matusi yangu, ila salamu bado anadaiwa.

Kitengo chetu kina kamera moja tu, lakini si kama kamera wanazozijua watu. Nilifafanuliwa na binti anayeiendesha, mtaalamu wa mionzi, mwenyeji wa Bukoba, mpole lakini mwepesi wa maneno. Kila asubuhi hunisalimia shikamoo baba kabla hajavaa koti. Nilimuuliza siku moja kwa nini mashine haitoi mwanga wakati wa kupiga picha.

"Yenyewe haitoi kitu, baba. Anayetoa ni mgonjwa. Tunamchoma dawa, dawa inakimbilia kwenye mfupa, na pale penye ugonjwa inajazana zaidi. Kutoka humo inatoa miale ya gama. Mashine inakaa kimya inaipokea."

"Inajuaje mwale umetoka bega au goti?"

Akanionyesha bamba la madini ya risasi lililokaa mbele ya uso wa kamera. Lina vitundu vingi mno, vyembamba, vimepangana kama sega la nyuki lililokamuliwa. Mwale unaokuja umenyooka unapita kwenye tundu. Unaokuja mshazari unagonga ukuta wa risasi na kuishia hapohapo. Hivyo unaopita, mashine inajua umetoka sehemu iliyo usawa wa tundu lile. Halafu kuna habari ya nguvu. Kila mwale wa dawa ile unazaliwa na nguvu ileile. Ukijigonga kwenye nyama njiani ukapinda, unafika umepungukiwa, na mashine inaupima na kuukataa, kwa kuwa haijulikani tena ulianzia wapi.

"Kwa hiyo inawakataa waongo," nilimwambia.

"Inawakataa waliochoka, baba. Mwongo akija na nguvu zake zote inampokea."

Kama nimeyaandika vibaya, kosa ni langu, yeye alieleza vizuri.

Kazi yangu nyingine, mbali na kudeki, ilikuwa kuwaelekeza wagonjwa. Mtaalamu hawezi kukaa karibu nao kutwa nzima, maana mionzi inatoka miilini mwao na yeye huwa nao kila siku. Kwa hiyo akishachoma sindano, mimi nikiwa mbali kidogo naeleza: unywe maji mengi, ukojoe mara kwa mara, ukae juu ya choo, wanaume pia, usipande kwa miguu, maji ya kunawa mwaga kidogo kidogo, na kabla ya kupanda kitanda cha picha uvue nguo zako zote ubaki na gauni la hospitali. Sababu ni kwamba sehemu ya dawa hutoka na mkojo. Tone moja likiangukia nguo, kamera haijui kuwa ni mkojo. Inaona miale, nayo ina nguvu kamili. Nilishaeleza hayo kwa wazee, kwa mapadri, kwa mama mmoja kiziwi kwa kutumia mikono. Sikuwahi kumruka mtu.

Mama mkwe wangu aliletwa kwangu Ihumwa mwishoni mwa kiangazi, kutoka kijiji cha upande wa Bahi. Titi la kushoto lilikuwa na uvimbe, na uvimbe ulikuwa umeanza kupasuka ngozi. Alikuwa ameuficha kwa muda gani hatujui. Alikuwa anabandika majani na kufunga kitambaa, na juu yake kaniki, na juu ya kaniki kanga. Mke wangu alipomfungua alikuja uani akakaa chini.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa wasioijua. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, mmoja akiwa njiani mwingine anapisha. Kutaja mbele yake jambo lolote la mwili, hata kuumwa tumbo, ni sawa na kumvua nguo. Nyumba yangu ni ya vyumba viwili na sebule. Nikitaka kupita nilikuwa nakohoa, naye anajifunika kanga kichwani na kugeukia ukuta. Chakula nilikuwa nakula nje.

Na harufu ilikuwepo. Nimejiuliza kama niiandike au niiache, na naona kuiacha ni uongo. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahaulika kwenye mfuko, na mke wangu aliizoea kwa siku tatu, na watoto kwa juma moja, na mimi sikuizoea. Vitambaa vya kidonda vilikuwa vinafuliwa kwenye beseni ninalonawia uso. Nilinunua beseni lingine nikalificha juu ya kabati. Mke wangu aliliona, akalishusha, akaogeshea mtoto. Nilichukia, halafu nikajichukia, halafu nikanunua la tatu.

Madaktari walisema hivi: apigwe picha ya mifupa. Ugonjwa kama haujaingia mifupani, titi litakatwa na ana nafasi nzuri ya kupona. Ukiwa umeingia, hawatakata, watampa dawa za kutuliza maumivu arudi nyumbani. Kila kitu kilisimama kwenye picha hiyo moja. Dawa ya sindano huletwa kutoka Dar es Salaam wagonjwa wakishafika idadi, na haikai, kila baada ya saa sita inakuwa nusu ya ilivyokuwa. Nafasi ikipotea, unasubiri majuma.

Kazini sikumwambia mtu kuwa mgonjwa yule ni mkwe wangu. Nilijiambia ni heshima. Nadhani nilikuwa naogopa nisije nikaambiwa nimshike.

Siku yenyewe mke wangu alimsindikiza mpaka kwenye mstari mwekundu wa korido, akaishia hapo, kwa sababu ananyonyesha na wanaonyonyesha hawavuki. Mama mkwe akaingia peke yake na makatambuga yake ya tairi, amevaa gauni la hospitali juu. Nilipomwona nikageukia ukuta, nikaanza kudeki mahali palipokwisha kuwa pasafi.

Baada ya sindano mtaalamu alikuja upande wangu.

"Baba, bibi huyu Kiswahili chake kidogo, na wewe ni mtu wa huku. Mwelekeze kwa lugha yenu. Akae asichuchumae, na kabla ya picha avue kila kitu."

"Sawa."

"Na maji asiache kunywa."

"Sawa, dada."

Akaenda. Nilisimama na dekio pengine dakika kumi. Nilitafuta maneno. Kwa Kiswahili mkojo ni mkojo, unaweza kulisema neno hilo hata kanisani kama ni lazima. Kwa lugha yetu, kwa mtu yule, sikupata neno ambalo ningelitoa mdomoni nikabaki mkwe. Nilichukua chupa mbili za maji, nikaziweka sakafuni, nikazisukuma kwa mpini wa dekio mpaka karibu na miguu yake. Akavuta kanga usoni. Nikageuka nikaondoka. Hayo ndiyo maelekezo niliyompa.

Wodi ya pili kulikuwa na mwenzangu wa usafi, mama mtu mzima wa kabila letu, ambaye angemweleza yote kwa dakika mbili. Ni hatua arobaini kutoka pale. Sikwenda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la kweli halinifurahishi: kumwita kungenilazimu kueleza ni kwa nini mimi siwezi.

"Umemwelekeza?" mtaalamu aliniuliza alipopita tena.

"Nimemwelekeza."

Aliingia chooni mara tatu. Mara ya tatu nilipokwenda kusafisha, nilikuta kwenye kikalio alama mbili za tairi zenye vumbi jekundu. Alikuwa amepanda juu kwa miguu akachuchumaa, huku ameshika bomba. Kopo la kunawia lilikuwa limelala ubavu. Mkojo na maji vilikuwa vimetapakaa mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni matone yalikwenda mstari mmoja mpaka kwenye kiti alichokalia. Kidude changu kilitatarika bila kupumzika. Nilitema mate kwenye ndoo, na nikasema peke yangu, kwa sauti, kwamba watu wetu ni wachafu na hawafundishiki.

Naliandika neno hilo kwa sababu nililisema. Lakini mama yule hajawahi kuwekewa mbele yake choo cha kukalia maishani mwake. Kwao choo ni shimo, na safi kuliko vingi vya mjini. Aliona kitu ambacho makalio ya wageni yanakigusa kutwa nzima, akaona kukikalia ni uchafu, akapanda. Kinyaa chake na changu ni kimoja. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza kule Mtumba nilipanda hivyohivyo.

Nilideki mara nne. Sikumwambia mtu.

Picha ilipigwa saa sita. Nilikuwa natoa pipa la taka kwenye chumba cha skrini wakati daktari alipoitwa. Mifupa yote ilikuwa imejichora kwa weusi hafifu, mtu mzima amelala, mbavu zinahesabika. Na kwenye nyonga ya kushoto kulikuwa na doa jeusi tii, kubwa kama embe.

"Imeshafika nyonga," daktari alisema. Alikuwa ameshika andazi, akaliuma. "Hapa hatukati."

"Masikini bibi," mtaalamu alisema. "Nimpige na picha ya ubavuni, tuone vizuri?"

"Wangapi wamebaki nje?"

"Wanne."

"Choo alielekezwa? Nguo alibadili?"

"Alielekezwa. Na gauni letu alikuwa nalo. Baba hapa ndiye aliyemwelekeza."

Wakaniangalia wote wawili. Nikatikisa kichwa kukubali. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

"Basi," daktari alisema. "Jina lake liingie kwenye kikao cha madaktari cha kesho asubuhi. Arudi kwao akapumzike na dawa za maumivu."

Lile andazi lilinichefua. Makombo yalikuwa yanaangukia meza iliyo chini ya doa. Niliona ni mtu asiye na roho, na nikatoka na pipa langu nikiwa nimemhukumu. Kwa haki, alikuwa amesimama tangu alfajiri na hakuwa amekula. Na kabla ya kuuma mara ya pili aliuliza swali lililokuwa la kuuliza. Jibu la uongo halikutoka kwake.

Nje, mke wangu alikuwa amekaa kwenye msingi wa ukuta na mtoto. Mama yake alikuwa mbali kidogo, kama alivyoagizwa asimkaribie mtoto mpaka jioni, amenipa mgongo, anamenya karanga.

"Wamesemaje?" mke wangu aliniuliza.

"Sijui. Mimi ni mtu wa madekio."

"Umekaa nao humo kutwa nzima usisikie?"

"Wanaongea kwa kunong'ona."

Akanitazama. "Mama anasema kitanda chao ni chuma kitupu, na chuma kingine kinapita juu na chini yake. Anasema hakuvua kaniki. Aliifunga kiunoni ndani ya lile gauni, akaibana. Asingelala uchi mbele ya wageni."

Nilitazama kinyume na desturi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuvaa kanga yake, na chini ya kanga pindo la kaniki lilionekana. Upande wa kushoto lilikuwa limeganda kwenye paja, lina mstari mweupe wa chumvi na vumbi limeshikamana. Nilijua palepale kwamba doa la kwenye skrini ni mkojo. Nadhani nilikuwa najua tangu chumba cha skrini, lakini sasa sikuwa tena na njia ya kujiambia sijui.

Ilikuwa kama saa saba. Ningekuwa mtu mwema ningerudi ndani papo hapo. Nilikwenda kwenye mti wa nyuma ya jenereta nikakaa. Mwenzangu mmoja alinikaribisha wali, nikauona una mafuta juu yake, nikakataa. Nilijipa sababu. Nilisema pengine doa ni ugonjwa kweli na nitamdhalilisha bure. Nilisema nitamwambia mke wangu usiku, naye atapeleka habari kesho. Kesho ambapo dawa itakuwa imekwisha mwilini na kikao kimekwisha kuamua. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikuisema hata moyoni kwa maneno, lakini ilikuwepo, nami naiandika: akirudi kijijini, harufu nayo itaondoka nyumbani kwangu.

Nilipoiona hiyo, ndipo nilipotapika. Sijui kama ni majuto au ni tumbo tupu. Niliinuka nikaenda.

Mtaalamu alikuwa anaandika, mgonjwa wa mwisho ametoka.

"Dada, yule bibi wa nyonga sikumwelekeza."

Hakuinua kichwa mara moja. "Hukumwelekeza nini?"

"Chochote. Alipanda choo kwa miguu. Na ndani ya gauni alikuwa na kaniki yake, imelowa upande wa kushoto."

"Nilikuuliza, baba. Na daktari amekuuliza."

"Nilidanganya mara mbili."

"Kwa nini? Unamwogopa bibi wa watu?"

"Ni mkwe wangu. Mama wa mke wangu."

Aliweka kalamu chini. Nilitegemea acheke, kwa sababu vijana wa mjini hucheka mambo haya. Hakucheka.

"Mkwe hata kwetu anaheshimiwa," alisema taratibu. "Lakini heshima gani hii ya kumpeleka mtu kaburini kwa ajili ya mkojo? Yuko wapi?"

"Nje. Ila nakuomba, usimwambie ni mimi niliyesema."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mashine imeona."

"Mashine haikuona nguo, baba. Mashine imeona nyonga."

Akatazama saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole, akasema dawa iliyobaki inatosha, picha itachukua muda zaidi tu. Alimwita mwenzangu wa wodi ya pili, yule mama, naye akaja na sabuni na ndoo. Mimi niliambiwa nikae nje ya mlango, na kwa mara ya kwanza nilitii kwa moyo wote.

Nilisikia. Mama yule alieleza kwa lugha yetu, wazi kabisa, kila kitu nilichoshindwa kusema, kwa maneno ambayo wanawake wanayo na mimi sina. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, ambayo kwa miaka kumi na nne nilikuwa nimeisikia kupitia ukuta tu.

"Nani amesema nguo yangu ina maji?"

"Tumeona tu, mama."

"Hamkuona. Ilikuwa ndani. Aliyeona ni yule anayedeki, aliyegeukia ukuta."

Nikasikia maji yakimiminwa kwenye ndoo.

"Basi chukueni," alisema.

Walimwosha paja kwa sabuni, wakampandisha kitandani, wakampiga picha kwa juu na kwa chini, kisha wakamlaza ili kamera itazame kutoka ubavuni. Daktari alirudi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikaona. Nyonga ilikuwa safi, ina weusi hafifu kama ya upande wa pili. Kwenye mbavu palikuwa na kidoa kimoja hafifu, daktari akauliza kama aliwahi kuumia hapo, na jibu likaletwa kutoka kwa mke wangu nje: alipigwa teke na ng'ombe mwaka wa njaa. Daktari akasema inafanana.

Kisha mtaalamu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Kaniki ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Aliulaza mfuko kitandani peke yake, pale ambapo nyonga ilikuwa, akawasha. Skrini ikaanza kujijaza nukta. Hakukuwa na mtu, wala ubavu, wala uti wa mgongo. Kulikuwa na doa lilelile, kubwa kama embe, linaelea kwenye weupe.

"Hilo hapo," alisema. "Lilikuwa na nguvu yake yote."

Daktari alinigeukia mlangoni. Nilitegemea matusi. Alisema, "Ungenyamaza mpaka kesho ningekuwa nimemuua mimi, na sahihi yangu chini." Halafu akasema nitapewa barua ya onyo. Nilipewa. Niliisoma mara mbili, nikaona ni ndogo kuliko kosa, na sikumwambia aliyeiandika.

Mimi ndiye niliyebeba ule mfuko mpaka chumba cha kuhifadhia taka zinazosubiri mionzi yake ipoe. Ni mwendo mfupi. Mfuko ulikuwa wa vuguvugu, nadhani kwa jua la dirishani, na niliushika mbali na mwili kwa vidole viwili. Kilichokuwa ndani ni nguo ya mama wa mke wangu, kitu nisichopaswa hata kukitazama kikiwa kimeanikwa kambani. Mate yalijaa mdomoni. Nilitaka sana niseme kwamba niliona aibu tu, lakini nilikuwa naona kinyaa, kilekile cha siku zote.

Titi lilikatwa baada ya majuma mawili. Kidonda kilikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa niliosha sebule na chumba chake, nikafungua madirisha, nikaweka godoro juani. Mke wangu alirudi jioni peke yake na mtoto mgongoni.

"Mama amekwenda mtaa wa Kikuyu, kwa dada yangu," alisema.

"Dawa za kusafishia kidonda ziko hapa."

"Nitapeleka. Amesema halali tena kwenye nyumba ya mkwe anayejua mambo yake."

"Amekasirika?"

"Hakusema amekasirika. Amesema hawezi." Alimshusha mtoto. "Amemshukuru Mungu, na yule binti wa picha, na mama aliyemwosha. Wewe hakukutaja."

"Ana haki."

"Anayo." Akatazama madirisha yaliyo wazi, godoro nje, ukuta niliousugua mpaka rangi ikatoka. Akavuta pumzi ndefu puani. "Na wewe umefurahi," alisema.

Nilitaka kumwambia siyo. Niliwahi kudanganya kwa neno moja, na kwa kutikisa kichwa tu, safari hii ingekuwa nyepesi. Nilisimama katikati ya sebule iliyonukia sabuni, mama yake akiwa mzima ng'ambo ya mji, nikapumua kwa pua kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, na nikamjibu mke wangu ndiyo.